Bima ya afya kwa anayefanya kazi akihamahama: jiulize kwanza utatibiwa wapi ukiugua kwa muda mrefu

Msomaji wa South B, Nairobi, ana miaka 33. Anaifanyia kampuni moja ya Chicago kazi ya uhasibu kupitia mtandao, kwa kandarasi, na kampuni hiyo haimpi bima yoyote. Kuanzia Januari anapanga kuishi nje ya nchi mwaka mmoja au miwili: miezi michache Kigali, kisha Morisi, kisha Malaysia, na baadaye Ureno kama viza itapatikana. Mara moja kwa mwaka huitwa Chicago kwa wiki mbili. Ana pumu tangu utotoni. Anaandika: "Nimepata bima mbili. Moja ni dola 60 kwa wiki nne, nyingine ni dola 200 kwa mwezi. Zote zinasema zinalipia matibabu dunia nzima. Tofauti ni nini hasa? Nikiondoka, niache kulipa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, na ile bima ndogo ya kulazwa niliyo nayo hapa? Na je, naweza kununua bima nikiwa tayari nimeshatoka?"

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Wengi hufika ofisini kwangu Upper Hill wakiwa na bili ya hospitali mkononi, na wakati huo kazi inayobaki ni kusoma maandishi madogo ambayo hakuna awezaye kuyabadilisha tena.

Hizo bima mbili zinatangazwa kwa maneno yanayofanana, lakini kazi zake ni tofauti kabisa. Ya dola 60 ni bima ya safari. Ya dola 200 ni bima ya afya ya kimataifa. Bima ya safari imetungwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kwao kwa muda na ana kwao pa kurudi. Inakutoa hatarini: umegongwa na gari, umepasuliwa kidole tumbo usiku wa manane, umelazwa kwa homa ya dengi Kuala Lumpur. Italipa hadi hali itulie. Siku daktari wao atakaposema unaweza kupanda ndege, inaweza kukulipia safari ya kurudi Nairobi, na baada ya hapo imemaliza kazi yake. Upasuaji wa pili, mazoezi ya viungo ya miezi minne, dawa za mwaka mzima, vipimo vya kila baada ya majuma sita, vyote hivyo vimebaki juu yako. Bima ya afya ya kimataifa, kwa upande wake, inakuchukua kama mtu anayeishi huko aliko. Ukipatikana na saratani ukiwa Port Louis, inalipia matibabu ya saratani, mwaka huu na mwaka ujao, mradi tu uendelee kulipa ada na usivuke kikomo cha mwaka.

Ndiyo maana mteja akiniletea bima mbili azilinganishe, namwomba aweke kando kwanza ile namba kubwa iliyoandikwa juu ya ukurasa, dola 250,000 au milioni moja, na ajibu swali moja: nikipatikana na ugonjwa wa miezi mingi, mwezi wa tatu nitakuwa natibiwa wapi, na nani anayelipa? Kikomo cha dola 250,000 hakina msaada kwa mgonjwa ambaye mkataba wake umekwisha wiki ya tano.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtego mkubwa uko hapa na haumo kwenye tangazo lolote. Bima ya safari ya wiki nne nne hujihuisha yenyewe. Kadi yako inakatwa, barua pepe inaingia, unaona maisha yanaendelea. Lakini soma jinsi mkataba unavyoeleza "ugonjwa uliokuwa nao kabla." Katika mikataba mingi ya aina hii, kila kipindi kipya kinahesabiwa kama bima mpya. Chukua mfano: mwezi wa tano unaona uvimbe titini ukiwa Morisi. Unapimwa. Vipimo vinalipiwa, pengine. Siku kumi baadaye kipindi kinafika mwisho na kingine kinaanza, na ule uvimbe, uliogunduliwa ukiwa na bima ileile ya kampuni ileile, sasa ni ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kipindi kipya kuanza. Baadhi ya kampuni huongeza siku kadhaa za kumalizia matibabu yaliyokwisha kuanza. Nyingine hazitoi hata siku moja. Hakuna uhalifu hapo, mkataba ulisema hivyo, ila mtu aliyelipa ada miezi mitano bila kukosa anajiona ametupwa, na mimi namwelewa.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua ile ya dola 60, iandikie kampuni swali hili hili, kwa maneno mepesi: "Nikianza kuugua katika kipindi cha kwanza, je, ugonjwa huo utaendelea kulipiwa katika kipindi cha pili na cha tatu?" Omba jibu kwa barua pepe, na lihifadhi. Jibu la mdomo la kijana wa huduma kwa wateja halitakusaidia siku ya madai.

Sasa tuje kwenye pumu yako, ambayo kwangu ndiyo inayoamua jambo hili zaidi ya bei. Bima ya safari kwa kawaida haiugusi ugonjwa wa zamani. Nyingine zina kifungu kinachosema zitalipia ugonjwa wa zamani ukizuka ghafla, na watu wa pumu hukisoma kwa furaha. Kisome tena polepole. Mara nyingi kinaendelea kusema kwamba magonjwa ya kudumu au yanayojulikana kurudirudi hayamo. Shambulio la pumu ni tukio la ghafla, ndiyo, lakini mkadiriaji wa madai atasema ugonjwa wenyewe ni wa kudumu, na karatasi itamuunga mkono.

Kwa bima ya kimataifa kuna njia mbili za kuingia, na ni muhimu ujue umepitishwa ipi. Njia ya kwanza haikuulizi mengi. Inasema tu kwamba ugonjwa wowote uliokuwa na dalili zake au dawa zake katika miaka kadhaa iliyopita, mara nyingi 5, hautalipiwa mpaka utimize miaka 2 mfululizo ndani ya bima bila dalili, bila dawa na bila kumwona daktari kwa ajili yake. Inaonekana rahisi, fomu inajazwa kwa dakika kumi. Lakini mtu anayetumia inhela hatatimiza miaka hiyo 2 kamwe. Kila mara anapopuliza, hesabu inaanza upya.

Njia ya pili ni kujaza historia yako yote ya afya tangu mwanzo. Inachosha, wanaweza kuomba ripoti ya daktari wako, na jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa. Chukua hii. Watakujibu moja kati ya matatu: tunakupokea na pumu yako kwa ada ya kawaida, tunakupokea kwa ada ya juu zaidi, au tunakupokea lakini pumu hatuilipii. Likija la tatu, usikate tamaa na usitie sahihi papo hapo. Angalia upana wa maneno yao. Wakiandika kwamba hawalipii "pumu," hiyo inavumilika. Wakiandika "magonjwa yote ya mfumo wa kupumua," wameondoa pia nimonia, na kifua kikuu, na donge la damu kwenye mapafu, mambo ambayo yanaweza kumpata mtu yeyote asiye na pumu. Rudi kwao na ripoti ya daktari inayoonyesha hujalazwa kwa miaka kadhaa, kama ndivyo ilivyo, na uwaombe wafinye maneno. Nimeona wakikubali. Hawakubali wakati wote, lakini asiyeomba hapewi.

Na tafadhali, usiifiche pumu. Sheria ya bima, hapa kwetu na kwingineko, inamtaka anayekata bima aseme ukweli wote unaohusika. Kampuni ikigundua ulificha, inaweza kuukataa mkataba mzima, hata dai la mguu uliovunjika ambalo halihusiani na kifua. Na hugundua, kwa sababu jambo la kwanza wanaloomba katika dai kubwa ni faili zako za zamani.

Hata hivyo usilipie bima ghali ili ikununulie inhela. Salbutamol kwenye duka la dawa Nairobi ni shilingi mia chache, na katika nchi nyingi unazokwenda si dawa ya kumfilisi mtu. Beba akiba ya miezi mitatu, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa kwa jina lake la kitabibu, maana jina la biashara linalojulikana River Road huenda halijulikani kabisa Kuala Lumpur. Bima inunulie usiku wa chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia, na wiki mbili za kulazwa. Hayo ndiyo yanayouza shamba.

Kuhusu SHA, najua hasira iliyopo mtaani na sitaki kuipuuza. Lakini umeniuliza uache au usiache, na jibu langu ni usiache. Kwanza ni sheria: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ambayo michango yake ilianza Oktoba 1, 2024 badala ya mfuko wa zamani wa NHIF, inaitaka kila kaya ichangie asilimia 2.75 ya mapato, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Wewe huna mwajiri wa hapa wa kukukata, kwa hiyo uko kwenye kundi linalokadiriwa mapato na kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja. Kwa anayekadiriwa kupata shilingi 250,000 kwa mwezi, hiyo ni 6,875 kila mwezi, 82,500 kwa mwaka. Si pesa kidogo, na naelewa mtu akiuliza kwa nini alipe kiasi hicho na yeye hayupo.

Sababu ya pili ndiyo inayonihusu mimi kama mtu wa bima. Nimesema juu kwamba bima ya safari inakurudisha nyumbani. Sasa nyumbani kuna nini kinachokungoja? Ukitua JKIA kwenye kiti cha magurudumu huku SHA imelala na bima yako ya binafsi uliiacha mwaka jana, umerudishwa kwenye utupu. Bima ya safari kwa kawaida hailipii matibabu katika nchi yako mwenyewe, au hulipia siku chache tu kwa masharti. Na bima nyingi za hapa, ukiingia kama mwanachama mpya, zina muda wa kusubiri: mwezi mmoja hivi kwa magonjwa ya kawaida, mwaka kwa magonjwa ya zamani, karibu mwaka kwa uzazi. Miaka yote uliyokwisha kusubiri inafutika siku unapojitoa. Hilo watu hawalihesabu. Wanahesabu ada waliyookoa.

Kwa hiyo ile bima yako ndogo ya kulazwa, uishike kwa mikono miwili kama utachukua bima ya safari. Iulize kampuni yako mambo mawili. La kwanza: ukikaa nje ya Kenya kwa muda gani unahesabiwa si mkazi na bima inakoma? Mikataba mingine huweka kikomo hicho mahali ambapo hakuna anayesoma. La pili: wanaweza kukushusha kwenye mpango wa chini, wa kulazwa tu na kikomo kidogo, bila kukuondolea miaka yako ya uanachama? Wakikubali, utalipa kidogo na mlango utabaki wazi. Usitegemee kifungu cha dharura nje ya nchi kilichomo humo. Kwa kawaida ni cha wiki chache kwa safari moja, kwa ajili ya mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou na kurudi.

Ukichagua bima ya kimataifa, mzani unabadilika. Nyingi zinakulipia hata ukiwa Kenya, mradi Kenya imo katika eneo ulilochagua. Hapo bima ndogo ya hapa unaweza kuiacha bila wasiwasi mkubwa, na SHA ikabaki kama wajibu na kama akiba ya mwisho.

Marekani. Bima ya kimataifa huuzwa kwa maeneo mawili makubwa: dunia nzima, au dunia nzima bila Marekani. Tofauti ya ada ni kubwa sana kwa sababu matibabu ya kule ni ghali kupita nchi nyingine yoyote. Usilipie Marekani miezi kumi na miwili kwa ajili ya wiki mbili za Chicago. Kata ile isiyo na Marekani, kisha kwa zile wiki mbili nunua bima ya safari ya muda mfupi inayoitaja Marekani waziwazi. Mipango mingine inaruhusu dharura za Marekani kwa siku kadhaa kwa mwaka bila nyongeza, kwa hiyo uliza kabla ya kununua mara mbili. Na kwa kuwa kampuni ndiyo inayokuita, iombe ilipie hiyo bima ya wiki mbili. Kuwa na kandarasi hakukuzuii kuomba, na kwao ni gharama ndogo. Angalia pia kama ndege yako nyingine yoyote inapitia Marekani.

Viza zina matakwa yake, na haya ni rahisi kuyatimiza ila yanapotosha. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ureno ikiwemo, zinamtaka mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima isiyopungua euro 30,000, zaidi ya shilingi milioni 4, inayolipia dharura, kulazwa na kurudishwa kwao, katika nchi zote za Schengen. Viza ya Premium ya Morisi, iliyoanza 2020, nayo inataka bima ya safari na afya, na pasi ya DE Rantau ya Malaysia, iliyoanza 2022 kwa wafanyakazi wa mtandaoni, inataka bima ya afya. Cheti cha kumridhisha afisa wa ubalozi kinapatikana kwa bei ya chini sana. Kimekusudiwa hivyo. Usichukulie kwamba kwa sababu ubalozi umekubali, basi uko salama. Ubalozi unalinda hazina ya nchi yake. Kwa Rwanda utaingia na kitambulisho chako cha Kenya kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa kawaida hakuna atakayekuuliza bima mpakani, na kwa sababu hiyo watu wengi hukaa Kigali miezi mitatu bila kitu chochote. Kwa miezi hiyo, hata ukisubiri jibu la kampuni ya kimataifa, tazama uanachama wa Maisha wa AMREF Flying Doctors, wale wa Wilson. Ni uanachama wa mwaka unaokuhamisha kwa ndege ya wagonjwa ndani ya Afrika Mashariki. Elewa tu kwamba unalipia ndege. Kitanda na daktari vinabaki kwa bima yako.

Namna ya kulipa inastahili maneno kuliko inavyopewa. Uliza: hospitali ikinilaza, nyinyi mnalipa moja kwa moja, au nalipa mimi kisha mnanirudishia? Kwa kawaida kuna kampuni ya msaada yenye simu ya saa ishirini na nne. Ukiipigia kabla ya kulazwa, au rafiki yako akiipigia katika saa ishirini na nne za mwanzo, hutuma barua ya dhamana kwa hospitali na wewe huguswi. Usipopiga, hospitali ya binafsi itadai amana, na dai lako linaweza kupunguzwa kwa sababu hukuomba idhini. Sasa fikiria amana ya dola 5,000 saa nane usiku. Akaunti ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na dola 5,000 ni zaidi ya hapo. Uwe na kadi ya benki yenye uwezo huo, au ndugu anayeweza kutuma kwa benki. Laini yako ya Kenya ibaki hai na iwe imefunguliwa kutumika nje, maana namba za siri za benki huingia hapo. Na mpe mtu mmoja Nairobi, dada au mama, nakala ya mkataba na ile namba ya simu. Mgonjwa aliyezimia hawezi kutafuta barua pepe.

Kadi inayokata ada ya bima nayo itazame. Kadi ikiisha muda wake, au benki ikikataa malipo kwa sababu yametoka nchi usiyoizoea, bima inakufa kimya kimya. Inaweza kukupita wiki mbili hujui.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ni zito. Kila Mkenya amewahi kuingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp chenye picha ya mtu na namba ya M-Pesa, cha kuchangisha pesa za kurudisha mwili kutoka nje. Harambee ni utu wetu na sitasema neno baya juu yake. Lakini familia isiwekwe mahali ambapo inazika na kuomba kwa wakati mmoja ilhali bima ingelipa. Tazama kama mkataba unataja kusafirisha mwili, na kwa kikomo gani. Bima za safari nyingi zinaitaja huduma hiyo. Baadhi ya bima za kimataifa zinaiuza kama nyongeza pamoja na kuhamishwa kwa ndege, na watu huiondoa ili kupunguza ada. Ndege ya wagonjwa kutoka Asia hadi Nairobi inaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mimi nyongeza hiyo singeiondoa.

Uzazi nao nautaja kwa heshima, kwa kuwa una miaka 33 na unapanga miaka miwili. Bima ya safari hailipii uzazi wa kawaida. Bima ya kimataifa hulipia ukiwa kwenye mpango wenye uzazi, na kwa kawaida baada ya miezi 10 hadi 12 ya kusubiri kabla ya kushika mimba au kabla ya kujifungua, kulingana na mkataba. Kama jambo hilo liko moyoni mwako kwa namna yoyote, uamuzi wake ni wa leo.

Pikipiki: usiendeshe bila leseni ya pikipiki. Leseni ya gari ya daraja B haikupi ruhusa hiyo, na dai la ajali ya pikipiki bila leseni inayofaa au bila kofia hukataliwa karibu kila mahali. Hata skuta ndogo ya kukodi ufukweni.

Kuhusu kampuni zenyewe, tafuta jina la anayebeba hasara. Zile zinazouza mtandaoni kwa wafanyakazi wa kuhamahama mara nyingi ni wauzaji tu. Nyuma yao kuna kampuni ya bima iliyosajiliwa nchi fulani, na jina lake limo ndani ya mkataba. Ikiwa imesajiliwa Kenya, ukidhulumiwa unaweza kwenda kwenye Mamlaka ya Kudhibiti Bima hapa Upper Hill. Ikiwa imesajiliwa Ulaya au kisiwa fulani, malalamiko yako yatasikilizwa huko, kwa sheria za huko. Hilo halinifanyi nizikatae. Linanifanya nisome kwa makini zaidi kifungu cha malalamiko.

Sasa hesabu. Dola 60 kwa wiki nne ni malipo 13 kwa mwaka, siyo 12: dola 780, karibu shilingi 101,000 kwa kiwango cha 130. Dola 200 kwa mwezi ni 2,400 kwa mwaka, shilingi 312,000. Kwa mtu asiye na ugonjwa, anayetoka miezi sita na kurudi, mwenye bima hai Nairobi, ningesema chukua ya 780 bila kusita. Wewe una pumu, unaenda hadi miaka miwili, na huna mwajiri nyuma yako. Ningekupeleka kwenye ile ya kimataifa, lakini si kwa sura hiyo ya dola 200. Waombe bei ya mpango wa kulazwa tu, bila matibabu ya nje, bila meno na miwani, bila Marekani, na ukubali kujilipia mwenyewe dola 1,000 au 2,000 za kwanza kwa mwaka. Ada hushuka sana. Daktari wa mafua utamlipa mfukoni, na zile dola 1,000 ziweke benki kabla ya kuondoka, usiziguse. Wakati wa kushusha ada, usikubali kupunguza kikomo cha mwaka, wala matibabu ya saratani, wala ndege ya wagonjwa. Hakikisha pia vipimo na dawa za saratani za mgonjwa asiyelazwa zimo, kwa sababu tiba nyingi za saratani siku hizi hufanyika mtu akirudi kulala nyumbani, na mpango wa kulazwa tu unaweza kuziacha nje.

Ikiwa wataikataa pumu kabisa, hata baada ya kufinya maneno, bado ningeichukua kwa ajili ya mengine yote, na ningebaki na bima ndogo ya Nairobi ambayo imeshaizoea pumu yako. Na safari ningeipanga upya: Kigali na Morisi kwanza, ambako ndege ya kurudi Nairobi ni ya saa chache, Malaysia baadaye, ukishaona kifua chako kinavyoishi na hewa ya ugenini. Kuala Lumpur kuna miezi ambayo moshi wa misitu inayoungua nchi jirani hufunika mji; mtu wa pumu aulize kuhusu majira hayo kabla ya kukodi nyumba.

Nyongeza moja ambayo bima haiisaidii: ukipata homa wiki chache baada ya kutoka ukanda wetu, mwambie daktari wa ugenini, bila kungoja aulize, kwamba umetoka mahali penye malaria. Huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja. Cheti cha homa ya manjano nacho kiweke pamoja na pasipoti. Tangu Julai 2016 kinatambuliwa kwa maisha yote, hata kama chako kimeandikwa miaka 10.

Mwisho, uliuliza kama unaweza kununua ukiwa tayari umetoka. Bima ya safari ya kampuni za hapa kwa kawaida lazima ianze kabla hujaondoka Kenya, na hata inayoitwa ya mwaka nyingi huhesabu karibu miezi mitatu tu kwa safari moja, kwa hiyo haikufai. Zile za wafanyakazi wa kuhamahama nyingi zinanunuliwa popote, ila baadhi huweka siku kadhaa za mwanzo ambazo ugonjwa haulipiwi, ajali tu. Za kimataifa zinanunuliwa popote pia, lakini majibu ya historia yako ya afya yatachukua muda, na ripoti ya daktari wako ni rahisi kuipata ukiwa South B kuliko ukiwa Port Louis. Ukiondoka Januari, fomu itume Oktoba. Ikifika wiki ya safari na jibu halijaja, nunua ile ya dola 60 kwa wiki nne za kwanza ili usitoke mtupu, usiihuishe siku ya kimataifa itakapoanza, na ile ya Nairobi usiiguse mpaka uwe na cheti cha mpya mkononi, chenye tarehe ya kuanza iliyokwisha kupita.